Wagonjwa wa Nguzo ya Arobaini na Moja

Ilipotimu saa tatu asubuhi, zahanati ya Kilolelo, yenye vitanda viwili, ilikuwa imekwisha kupokea wagonjwa tisa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtu wa Kilolelo.

Mganga mfawidhi wa zahanati hiyo, Erasto Ngailo, alisimama uwanjani akiitazama machela ya kumi ikichomoza kwenye ukungu. Ilikuwa kama zile zilizotangulia: kitanda cha turubai chenye mapanga manne ya kuzunguka pembeni, hakina rubani, na mtu mmoja amefungwa mikanda juu yake. Ikatua taratibu kwenye nyasi zenye umande, ikalegeza mikanda, ikasema kwa sauti yake ya upole, "Mgonjwa amefika hospitali ya rufaa. Tafadhali mpokeeni."

"Hospitali ya rufaa," Ngailo akarudia. Akageuka kulitazama jengo lake la vyumba vitatu, kana kwamba huenda lilikuwa limekua wakati yeye hatazami.

Hatua kumi kutoka pale, chini ya nguzo ya chuma iliyoandikwa namba 41, mwanamke mmoja alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani, koti limefungwa hadi shingoni kwa ajili ya baridi ya milimani. Huyo alikuwa Tusekile Mwakalinga, injinia wa njia wa wilaya ya Igomani. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na ishirini kati ya hiyo alikuwa ameitumia kuzifundisha nguzo kuzungumza. Alifika kwa pikipiki saa moja na nusu, baada ya Ngailo kumpigia simu mara tatu. Tangu afike hakuwa amekunywa hata chai, wala hakuwa ameelewa kitu.

"Dada injinia," Ngailo alimwita, "huyu naye anatoka wilaya ya Ruwiji. Kule bondeni kuna hospitali kubwa, ina ghorofa nne. Kwa nini wanaletewa mimi?"

"Nguzo zao zinasema hapa ni karibu zaidi, daktari."

"Karibu na wapi?"

"Na kila mahali," alisema Tusekile. Aliyasikia maneno hayo yakimtoka mdomoni, akaona hata yeye hayamwingii akilini.

Machela haijui njia. Watu wengi walidhani inajua, kwa sababu ilikuwa ikiruka bila wasiwasi, lakini yenyewe haikujua lolote zaidi ya kuuliza. Ikifika kwenye nguzo inauliza, "Nina mgonjwa wa figo, nielekee wapi?" Nguzo inajibu, "Nenda nguzo ya kumi na tisa," na ya kumi na tisa inaitaja nyingine, mpaka mgonjwa anatua. Kazi yote ilikuwa ya nguzo, na nguzo za nchi zilikuwa na lugha mbili.

Ndani ya wilaya zilisema Lugha ya Ndani. Hiyo ilikuwa lugha ya ndugu. Kila nguzo ilimwambia jirani yake kila ilichokijua, na jirani aliamini. Zikahesabu kilomita, zikachagua njia fupi, basi. Kati ya wilaya na wilaya zilisema Lugha ya Nje, na hiyo haikuwa na kilomita hata moja. Yenyewe ilitaja mapatano: wilaya hii inapokea wagonjwa wa wilaya ile, wapitie hapa, wasipitie pale. Kila mgonjwa alibeba jina la wilaya yake, na nguzo ilisoma jina kabla ya kusema karibu.

Kwa miaka mingi lugha hizo mbili hazikukutana. Mpakani kulikuwa na kibanda, na ndani yake karani mwenye skrini mbili. Alisoma ya kwanza, akaandika kwenye ya pili. Machela zilimsubiri zikiwa zimepanga foleni juu ya nyasi. Masika yaliyopita watu saba walifia kwenye nyasi hizo, karani akiwa mmoja tu na mvua haikatiki. Ndipo Tusekile alipoagizwa aziunganishe itifaki hizo mbili, ya ndani na ya nje, ili nguzo zenyewe zipokezane wagonjwa bila mtu katikati. Akaandika programu ndogo, akaiita Mkalimani, akaiweka kwenye nguzo ya 41, iliyo kilomita tatu tu kutoka mpakani. Jana alasiri aliiwasha. Wakubwa walipiga makofi, karani akakabidhi ufunguo wa kibanda, na kila mtu akaenda nyumbani akiwa na furaha.

Sasa alikuwa akipekua mistari ya Mkalimani mmoja baada ya mwingine, na mstari wa sitini na mbili ulimfanya asogeze uso karibu na kioo.

Lugha ya Nje haina kilomita. Lugha ya Ndani haiwezi kuishi bila kilomita. Kwa hiyo kila njia iliyotoka nje ikiingia ndani, Mkalimani alilazimika kuipa umbali, hata wa kubuni. Miezi minne iliyopita, akiwa bado anajaribu, Tusekile alimwambia aandike moja. Kilomita moja, kwa muda tu. Kisha Mkalimani akawa anazitafsiri njia hizo kurudi nje, na za ndani kwenda nje, kila moja ikiingia ndani ya Ruwiji inapewa hiyohiyo kilomita moja, na nguzo za Ruwiji zikaambizana kwa uaminifu wote kwamba ukipitia Kilolelo kila hospitali iko kilomita moja; machela ikiimaliza hiyo moja inajiona imefika.

"Nimeipata," alisema kwa sauti ndogo.

Hakupata nafasi ya kufurahi, kwa maana Ngailo alikuwa mlangoni akimpungia mkono.

"Njoo umsikie huyu mama. Mimi ananichanganya."

* * *

Mama mwenyewe alikuwa amelala kwenye benchi la wagonjwa wa nje, mguu wake wa kulia umefungwa kwa mbao mbili na bendeji. Aliitwa Sijaona. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya kukwaruza, na maumivu hayakumzuia kusema.

"Nilikuwa nachimba mtaro, ukingo ukaniangukia," alimweleza Tusekile. "Ninatoka kambini. Kambi ya Mtoni."

Tusekile alidhani hakusikia vizuri. "Kambi ya Mtoni ya Ruwiji?"

"Ipo Ruwiji, ila si ya Ruwiji."

Hilo Tusekile alilijua. Miaka kumi na moja nyuma mto ulihama ukala vijiji vitano, na watu waliobaki walipandishwa kwenye uwanda mmoja wakae kwa muda. Ruwiji ilisema hao si watu wake, wametoka ng'ambo. Ng'ambo ilisema vijiji vyao havipo tena kwenye ramani, basi na wao wamefutika navyo. Kwenye Lugha ya Nje, mahali pa jina la wilaya, watu wa Kambi ya Mtoni walikuwa na nafasi tupu.

"Machela mnayo?" Tusekile aliuliza.

"Tunayo moja, tulipewa msaada. Tunaiita pangaboi." Sijaona akajaribu kujiinua, akaghairi. "Maana kazi yake ni kutupepea tu. Unampandisha mgonjwa, inanyanyuka, inazunguka juu ya mahema mara mbili tatu, halafu inamshusha palepale. Kila siku ndivyo. Leo mimi walinipandisha ili wasijilaumu. Ikanyanyuka. Nikangoja izunguke. Haikuzunguka, ikashika safari. Nilipiga kelele wanishushe, nikijua imeharibika."

Alimtazama Tusekile kwa macho ya mtu anayetaka kuambiwa ukweli hata kama hautampendeza.

"Imeharibika, au imetengenezwa?"

Tusekile alijua jibu, nalo lilikuwa la aibu. Lugha ya Ndani haina mahali pa kuandika jina la wilaya, kwa kuwa ndani wote ni wa nyumbani. Njia ya kambini ilipopita kwa Mkalimani, ile nafasi tupu iliachwa mlangoni, na nguzo zote za Igomani zikampokea Sijaona kama binti yao.

"Imekosewa, mama," alisema mwishowe.

"Aa," alisema Sijaona, akaegemeza kichwa ukutani. "Basi Mungu awape maisha waliokosea."

* * *

Ngailo ndiye aliyeanza kuusikia mlio angani. Alikuwa akinawa mikono kwenye bomba la nje, maji yakiwa baridi ya kuuma, akasimama ghafla huku mikono inadondosha matone.

"Hiyo imepita mara ngapi?"

"Ipi?"

"Sikiliza. Panga lake moja lina mlio. Imepita kwenda mpakani nilipokuwa namfunga yule mama. Ikarudi. Ikaenda tena. Sasa inarudi."

Tusekile aliinua kichwa. Juu kulikuwa na weupe mtupu, na ndani ya weupe huo mlio wa panga bovu ulipita kutoka mashariki kwenda magharibi. Akaitafuta kwenye kompyuta. Ilikuwa machela ya Igomani yenyewe, iliyombeba Mzee Lwitiko Mwambene wa kijiji cha juu, miaka sabini na moja, moyo, akipelekwa hospitali ya rufaa. Ilikuwa hewani kwa dakika hamsini na nne.

Nguzo ya 41 ilikuwa ikiiambia, nenda 42, huko ndiko karibu. Nguzo ya 42, kule mpakani, ilikuwa ikiiambia, rudi 41, jirani yangu anasema kwake ni kilomita moja. Kila nguzo ilikuwa na hakika kwamba mwenzake anajua. Machela iliziamini zote mbili, na mzee alikuwa akitembezwa angani kati yao.

Aliiamuru itue. Vidole vilikosea mara mbili kabla amri haijakubali. Ilipotua Ngailo aliifikia kwa mbio, akapiga goti, akaweka vidole shingoni mwa mzee, kisha akaanza kumkandamiza kifua, na akaendelea kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maana. Mwishowe alikaa kwenye nyasi zenye maji, akamfunika mzee uso kwa kofia yake ya sufu.

Simu ikaanza kuita ndani ya koti la marehemu.

Iliita ikakatika, ikaita tena. Ngailo aliichomoa, akasikiliza, akasema polepole mambo ambayo waganga husema. Kisha akanyoosha mkono kumpa Tusekile ile simu.

"Ni binti yake. Yuko hospitali anamngoja. Anauliza ilikuwaje, na mimi sijui."

Tusekile aliipokea. Sauti ya mwanamke, tulivu kwa namna ya kutisha, ilisema, "Dada, nimeambiwa baba amefia Kilolelo. Kilolelo alifuata nini?"

"Hakufuata kitu. Mimi ndiye injinia wa njia. Njia ilikuwa inajizungusha."

"Njia inajizungushaje?"

Kwa miaka ishirini alikuwa amewaeleza wanafunzi na madiwani jambo hilohilo, kwa michoro na mishale. Sasa alikuwa na simu ya marehemu tu.

"Nguzo mbili ziliambizana uongo ambao niliuandika mimi," alisema.

Yule binti akasema, "Sijakuelewa. Lakini nakuja," na simu ikakatika.

* * *

Bosi wake, Bwana Kihwelo, alimpigia kwenye simu yake mwenyewe kabla hajairudisha ile ya marehemu. Alikuwa mjini, ofisini, na nyuma yake zilisikika simu nyingine nyingi zikiita.

"Tuse, nini kinaendelea huko? Ruwiji wananiambia hospitali yao iko tupu, madaktari wamekaa. Igomani wananiambia machela zinapotea. Mimi sielewi nimjibu nani nini."

Akamweleza. Kihwelo hakuwa mjinga. Zamani naye alipanda nguzo kwa mikono yake.

"Ile moja ibadilishe, weka umbali wa kweli. Hiyo itawarudisha wa Ruwiji kwao. Na mzunguko utaukata kwa alama. Kila njia ikivuka, ipigwe alama ya asili yake. Ikirudi mlangoni nguzo inaiona alama, inajua hii ilishatoka humu, inaikataa. Dakika tano. Kwa nini hukuiweka tangu mwanzo?"

"Niliisahau, bosi."

"Basi iweke sasa."

Alikaa juu ya ndoo, akabadilisha ile moja, akaandika alama. Ilikuwa kweli, dakika tano zilimtosha. Kabla ya kuiwasha aliijaribu kwenye kivuli, kama alivyofundishwa na kama alivyofundisha wengine: aliiomba kompyuta imwonyeshe machela zote zilizo hewani na mahali ambapo kila moja ingeenda baada ya alama kuwashwa.

Zilikuwa kumi na mbili. Nane zilinyooka kwenda hospitali za kwao, vizuri kabisa. Mbili zilitoka kwenye mzunguko, zikashuka zilikotakiwa. Mbili zilizobaki ziligeuka nyuma. Alizifungua. Zote zilitoka Kambi ya Mtoni. Ya kwanza ilikuwa pangaboi, iliyokuwa imerudi kambini kuchukua mgonjwa mwingine, ya pili imeazimwa kwa jirani. Alama ilikuwa imeuliza asili, ikakuta nafasi tupu, na Lugha ya Nje haimpokei mtu asiye na asili. Kwenye pangaboi alikuwamo msichana wa miaka tisa, pumzi, hali mbaya. Angefikishwa juu ya mahema yao, azungushwe, ashushwe.

Akaiondoa alama kwenye kivuli. Msichana akaja Kilolelo. Na wagonjwa wawili waliokuwa wametoka kwenye mzunguko wakarudi humo.

Akaiweka tena. Akaitoa tena. Alifanya hivyo mara nne, kana kwamba safari moja kati ya hizo kompyuta ingebadili mawazo. Kitu kilekile kilichoweza kumwokoa mtu kama Mzee Lwitiko ndicho kilichomfungia mlango mtu kama Sijaona, na hakuona mahali pa kuvitenganisha. Alisikia kichwa kinamuuma juu ya macho. Alifikiri: mimi ni fundi, haya ya nani apokelewe na nani asipokelewe waliyaamua wengine. Kisha akafikiri: jana jioni hayakuwapo, na dunia haikuanguka. Kisha akamtazama mzee aliyelala chini ya kofia yake, akaona kwamba kwa huyo ilianguka.

"Dada injinia." Ngailo alikuwa amemletea chai kwenye kikombe cha bati. "Unatazama kitu kimoja tangu muda. Kunywa."

Alimweleza, si kwa sababu alitarajia msaada bali kwa sababu hakukuwa na mwingine. Ngailo alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Ngoja. Nguzo inataka kujua mtu katoka wapi, ya nini?"

"Ili asizunguke."

"Ndiyo nakuuliza. Mimi nikitaka kujua kama mtoto ameshachanjwa, siulizi kazaliwa wapi. Natazama bega kama lina kovu."

Tusekile alikishika kile kikombe kwa mikono miwili. Chai ilimwagika kidogo kwenye koti.

Ili kuukata mzunguko nguzo haikuhitaji kujua njia imetoka wapi. Ilihitaji kujua kwamba imekwisha kupita hapa. Alama ingeweza kuwa kitu chochote. Ingeweza kuwa jina la mlango.

"Daktari," alisema polepole, "naweza kuipiga kila njia ya kambini alama moja. Kilolelo. Mzunguko utakatika, na Lugha ya Nje itakuta jina, haitakuta nafasi tupu."

"Fanya hivyo basi."

"Si rahisi. Kwenye mapatano, jina ni mwenyewe. Ukiandikwa wa Kilolelo, Kilolelo ndiyo inayokujibia. Kitanda chako cha kwanza ni hapa. Ukishindikana, zahanati hii ndiyo inayokutafutia hospitali, na ukifa, unafia mikononi mwake. Na jina la kituo halitolewi na injinia. Linatolewa na mfawidhi wake, kwa dole gumba."

Ngailo alimwangalia kama mtu aliyeona mlango aliouegemea ukifunguka nyuma yake.

"Kambi ina watu wangapi?"

"Elfu nne."

"Mimi nina vitanda viwili. Nina mtungi mmoja wa oksijeni."

"Najua."

"Na watu wangu wa hapa?"

"Watapanga foleni pamoja nao. Mara nyingine watakuta pamejaa."

"Mpaka lini?"

"Sijui, daktari. Wakubwa wanaweza kulifuta kesho. Wanaweza kulisahau miaka kumi. Sitaki kukudanganya, sijui hata kama ni sawa."

Ngailo aliingia ndani. Tusekile alimwona kupitia dirishani akimkagua Sijaona mguu, akigusa vidole vya mguu kimoja kimoja, akimuuliza kitu. Pangaboi ilikuwa dakika kumi na mbili kutoka mlangoni pa nguzo, na nyuma yake wale wawili walikuwa wakizunguka. Aliwashusha kwa amri kwenye vituo vilivyokuwa karibu, ingawa havikuwa na mtaalamu wa kile walichougua, akajua kwamba hilo halitawezekana kufanywa kwa kila mgonjwa, kila siku, na mtu mmoja aliyekaa juu ya ndoo.

Dakika saba zilikuwa zimebaki Ngailo alipotoka. Alikuwa amevua glavu.

"Mguu wa yule mama nimeshaufunga," alisema kwa hasira, kana kwamba Tusekile alikuwa amemwomba aufungue. "Sasa nifanyeje? Leta hicho kitu."

Akaweka dole gumba kwenye kioo.

* * *

Pangaboi ilitua saa tano kasoro. Ilikuwa machela kuukuu iliyotiwa viraka vya turubai la hema, na juu yake yule msichana wa miaka tisa alikuwa amekaa kitako, hakuweza kulala, mabega yakipanda na kushuka. Machela ikasema, "Mgonjwa wa Kilolelo amefika Kilolelo." Ngailo alimbeba mikononi mpaka kwenye mtungi wa oksijeni. Kule juu hakukuwa na mlio wowote. Machela za Ruwiji zilikwenda Ruwiji, za Igomani zikaenda kwao, na ukungu ulianza kupasuka.

Tusekile alimpigia Kihwelo akamwambia kila kitu, bila kupunguza. Mwishoni alitaja jina la Mzee Lwitiko, na kwamba mstari wa sitini na mbili ni wake, si wa mtu mwingine.

Kihwelo alifanya hesabu. "Kwa hiyo kisheria watu elfu nne wamehamia kwenye vitanda viwili."

"Ndiyo."

"Na mimi nikiulizwa kwenye kikao?"

"Waambie ukweli, bosi."

"Ukweli ni kwamba sijaelewa."

"Hata mimi sijauelewa wote," alisema Tusekile. "Lakini nimeuandika ulivyo. Ripoti iko kwako."

Alimsikia akipumua, akisogeza karatasi. "Kaa hukohuko," Kihwelo alisema hatimaye. "Usiguse kitu chochote mpaka nikupigie." Haikujulikana kama hilo lilikuwa katazo au ruhusa, na Tusekile hakuuliza.

Karibu na saa sita binti wa Mzee Lwitiko alifika kwa gari la kukodi. Alikuwa mwanamke mrefu aliyejifunga kanga mbili juu ya nguo za kazi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye nyasi karibu na baba yake, akamtaka Tusekile amchoree ile njia. Tusekile alichora nguzo mbili kwenye udongo kwa kijiti, na mshale wa kwenda, na mshale wa kurudi. Yule binti aliifuata mishale hiyo kwa kidole, kwenda na kurudi.

"Kumbe ni hivi tu," alisema.

"Ni hivi tu, dada."

Aliifuta kwa kiganja, akainuka, akawaita vijana wa gari wamsaidie kubeba. Hakuaga. Tusekile alisimama pale mpaka gari lilipopotea kwenye kona, mkono bado umeshika kijiti.

Aliporudi ndani alikuta mtu mpya mlangoni. Bibi mmoja wa hapahapa Kilolelo, Bibi Tumwidike, ambaye kila wiki mbili pumu ilimleta, alikuwa amepanda mlima kwa miguu kama siku zote, na kama siku zote alikuwa amesimama akishikilia fremu ya mlango ili pumzi imrudie. Vitanda vyote viwili vilikuwa na watu. Benchi lilikuwa na watu. Mpira wa oksijeni ulikuwa puani mwa msichana wa kambini.

"Hawa ni akina nani, mwanangu?" alimuuliza Ngailo, neno moja moja.

Ngailo alikuwa amepiga magoti kando ya mtungi. Alimtazama Tusekile, kisha akamtazama bibi, ambaye alimjua tangu yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi.

"Wa Kilolelo, bibi."

"Kilolelo ipi?"

"Hii."

Bibi Tumwidike alizungusha macho chumbani, uso baada ya uso, akimtafuta mtu anayemfahamu. Hakumpata. Kifua chake kilikuwa kikitoa mlio mwembamba ambao Tusekile aliusikia kutoka upande wa pili wa chumba. Msichana naye alimtazama bibi, macho makubwa, na mkono wake ukapanda kuushika ule mpira puani.

Tusekile aliona Ngailo akihesabu: mtungi mmoja, vifua viwili. Hakukuwa na nguzo ya kuuliza.

"Nani kati yenu kazidiwa?" Bibi Tumwidike aliuliza.

Ngailo alichukua kisu cha upasuaji na kipande cha mpira mwingine, akaanza kutafuta namna ya kuugawa ule mrija wa oksijeni kwa watu wawili. Sijaona, kwenye benchi, aliuvuta mguu wake wenye mbao kwa mikono yote miwili, akiuma meno, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja kukaa.